Joho au Hadithi? Filamu za Wafalme kwa Jicho la Fundi Cherehani

Watu wengi huzigawa filamu za wafalme mafungu mawili. Kuna za kufurahisha macho, zenye magauni, mataji na vinanda, halafu kuna zile "zenye maana", ambazo wanaume wenye ndevu wananong'ona wakitia saini karatasi. Mgawanyo huo haumsaidii mtu mwenye flashi iliyobakiza nafasi ya sizoni moja na Jumapili moja ya kupumzika. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza na nguo ndiyo inayonilisha, kwa hiyo msitegemee niseme kwamba mavazi ni urembo wa juujuu. Kwenye majumba ya wafalme nguo ilikuwa sheria, na sheria yenyewe ilikuwa ya kuandikwa: mwaka 1533 Bunge la Uingereza lilipanga nani avae nini, na hariri ya zambarau ikabaki kuwa ya mfalme na jamaa zake wa karibu. Ukikosea rangi, umejipa cheo ambacho si chako.

Kwa hiyo nikikaa mbele ya filamu ya aina hii nauliza mambo matatu. Huyu mtu nani anamvisha? Nani analipa? Na nguo ikivuliwa, kinabaki nini? Filamu inayojibu hata swali moja kati ya hayo ina uzito, hata kama inameremeta kuliko duka la lesi. Isiyojibu lolote ni maonyesho ya mitindo, na hayo nayo yana siku yake, usiyadharau.

Nimezipanga mbili mbili, kila jozi ikimhusu mtu yuleyule, ili tofauti ionekane.

Henry wa Nane: The Tudors na Wolf Hall

The Tudors ilitoka kati ya 2007 na 2010, ina sehemu 38, na Jonathan Rhys Meyers ndiye mfalme. Mbunifu wa mavazi, Joan Bergin, alipata tuzo ya Emmy zaidi ya mara moja kwa kazi hiyo, na nikitazama mikono ya yale magauni sina ubishi naye. Mahameli yanaanguka vizuri, darizi imekaa, rangi zinapendana. Shida ni mwenye kuvaa. Henry halisi alinenepa mpaka ikawa habari ya dunia. Deraya zake bado zipo Uingereza: ile ya ujana ina kiuno cha takribani inchi 35, na za uzeeni zimevuka inchi 50. Fundi yeyote akisikia vipimo hivyo vya mteja mmoja anajua kuna maisha mazima katikati hapo: jeraha la mguu lisilopona, hasira, ulaji, wake sita. Tamthilia inakupa jeraha na hasira, lakini kiuno inakiacha kilekile karibu hadi mwisho. Mfalme anaua wake zake bila kuongezewa hata bitana.

Halafu kuna suala la dada. Henry alikuwa na dada wawili waliofika utu uzima, Margaret na Mary. Tamthilia imewashona wakawa mmoja, ikamwita Margaret, ikamwoza kwa mfalme mzee wa Ureno, na huyo mzee akamalizwa kwa mto usoni. Ukweli ni kwamba Mary aliolewa na Louis wa Kumi na Mbili wa Ufaransa mwaka 1514, mzee akafa mwenyewe baada ya miezi isiyotimia mitatu, na binti akaolewa na Charles Brandon, rafiki wa Henry, aliyempenda. Kisa halisi kina utamu wa kutosha. Sijui kwa nini walihitaji mto.

Wolf Hall ni kinyume kabisa. Ni sehemu sita za mwaka 2015, na nyingine sita zilizofuata mwaka 2024. Hapa mfalme, anayechezwa na Damian Lewis, si mwenye hadithi. Mwenye hadithi ni Thomas Cromwell, mtoto wa mhunzi wa Putney, anayechezwa na Mark Rylance. Cromwell alipitia biashara ya nguo kule Antwerp kabla ya kuwa mkono wa kulia wa mfalme, na Rylance anamcheza kama mtu anayejua bei ya kila kilichovaliwa chumbani. Yeye mwenyewe amevaa joho jeusi karibu muda wote. Joho hilo linasema mengi: huyu hakuzaliwa na haki ya kung'aa, na watu wa ukoo mkubwa hawaachi kumkumbusha.

Sehemu ya mwisho ya ile sizoni ya kwanza inafika Mei 19, 1536, siku ya kuuawa Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry. Muuaji ameletwa kutoka Ufaransa na upanga wake. Wanawake wa Anne wanamsaidia kuvua joho na kofia, mikono inatetemeka, hakuna muziki wa kukuliza kwa nguvu. Malkia aliyevuliwa anabaki mwanamke mwembamba aliyepiga magoti juu ya mbao. Hapo swali langu la tatu limejibiwa, na baada ya hapo Cromwell anakwenda kwa mfalme, mfalme anamkumbatia kwa furaha, na uso wa Cromwell ndani ya lile kumbatio unatosha.

Kasoro yake ni giza. Mwongozaji aliamua kupiga usiku kwa mwanga wa mishumaa, na hata Waingereza wenyewe walilalamika hawaoni kitu. Ukiitazama saa nane mchana, dirisha wazi na jua la ziwani linagonga kioo, utaona sura yako tu. Iwekee usiku, zima taa. Na kama ni mtu wa kusinzia baada ya ugali, chukua The Tudors bila kuona haya.

Ila The Tudors usiifungue sebuleni baba mkwe akiwepo. Nimeshasema.

Elizabeth wa Kwanza: 1998 na 2007

Jozi hii ndiyo bora ya kujifunzia, kwa sababu malkia ni yuleyule, mwigizaji ni yuleyule, Cate Blanchett, na mwongozaji ni yuleyule, Shekhar Kapur kutoka India. Kilichobadilika ni miaka tisa na bajeti.

Elizabeth ya 1998 inaichana historia bila huruma. Askofu Gardiner anampinga malkia bungeni wakati alikuwa amekufa tangu 1555, miaka mitatu kabla Elizabeth hajapata kiti. Mary wa Guise, mtawala wa Scotland wakati huo, anauawa na mtu wa malkia, wakati huyo mama alikufa kwa ugonjwa wa kuvimba mwili. Mwalimu wa historia atairarua. Lakini mwisho wake sijaona wa kuulinganisha nao: msichana anakatwa nywele, nywele zinaanguka sakafuni, uso na mikono vinapakwa rangi nyeupe mpaka ngozi ya mtu inapotea, kisha anatembea mbele ya watu wake akiwa hana tena uso wa kuolewa na yeyote. Filamu hiyo ilipata Oscar ya vipodozi, na ilistahili, maana vipodozi ndivyo vilivyobeba hoja nzima: ili atawale, ilibidi yule binti afutwe.

Ile ya 2007, The Golden Age, ilipata Oscar ya mavazi. Magauni ni ya ajabu kweli. Kuna ya buluu, kuna ya dhahabu, na kola za lesi zilizosimama nyuma ya kichwa mpaka unajiuliza mtu anapitaje mlangoni. Hakuna hata moja linalobadilisha kitu. Malkia anaingia amevaa la buluu, anaongea, anatoka. Anaingia na la njano, anaongea, anatoka. Mwaka 1588 unafika, meli za Hispania zinakuja, naye anapanda farasi akiwa na deraya inayong'aa na nywele zimeachiwa mgongoni. Picha nzuri ya kuweka ukutani. Mimi nilikuwa namfikiria farasi.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili: ya kwanza inadanganya kuhusu tarehe na inasema kweli kuhusu mamlaka, ya pili inapendeza.

Marie Antoinette: ya Sofia Coppola na ile ya Wafaransa

Hapa ndipo wengi hukosea kuchagua. Marie Antoinette ya Sofia Coppola, 2006, ndiyo filamu inayotolewa mfano kila mtu akitaka kusema "mtindo mtupu". Ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes baadhi ya watu waliizomea. Ina muziki wa gitaa za umeme, keki za rangi ya waridi, na kwenye rundo la viatu vya hariri kimewekwa kiatu cha Converse, raba ya siku hizi, makusudi, ukipepesa macho hukioni. Milena Canonero alichukua Oscar ya mavazi. Ukisikia sifa hizo utadhani ni The Golden Age nyingine.

Sasa itazame ukiwa na maswali yangu matatu. Mwanzoni kabisa, mwaka 1770, binti wa miaka 14 anatolewa Austria kwenda kuolewa Ufaransa. Mpakani anavuliwa kila kitu cha kwao hadi cha ndani, ananyang'anywa hata mbwa wake, kisha anavishwa nguo za Kifaransa. Kila aliyewahi kumwona bibi harusi akivalishwa upya na upande wa mume anaelewa hapo kinachosemwa, tofauti tu ni kwamba huyu alikuwa peke yake.

Kisha inakuja asubuhi ya kwanza kwenye jumba la kifalme la Versailles. Binti amesimama uchi, anatetemeka kwa baridi, anasubiri shimizi. Haruhusiwi kuichukua mwenyewe. Kumpa shimizi ni heshima ya mwanamke mwenye cheo cha juu kuliko wote waliomo chumbani, kwa hiyo kila mlango unapofunguliwa na kuingia mwenye cheo zaidi, shimizi inarudi nyuma, inapita mkono hadi mkono, na baridi inaendelea. Kisa hicho hakikubuniwa na mwandishi wa filamu. Mwanamke aliyemhudumia malkia, Madame Campan, alikiandika kwenye kumbukumbu zake. Dakika tatu hivi za shimizi zinakueleza ule utawala kuliko hotuba. Watu wazima wamegeuza kumvisha mtoto kuwa vita ya vyeo.

Na nani analipa? Posho ya mavazi ya malkia ilikuwa livre (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) 120,000 kwa mwaka; mwaka 1785 matumizi yalifika 258,000. Filamu haikupi hesabu hizo, inakupa marundo ya viatu. Wanaolipa, yaani wenye njaa ya mkate, hawaonekani mpaka usiku wanapofika chini ya roshani na mienge. Hilo ndilo pengo lake, na ni kubwa. Coppola amejifungia ndani na malkia, anaona anachokiona malkia tu. Unaweza kuita uamuzi huo ujasiri au uvivu. Mimi naona ni uamuzi mzuri uliokatwa fupi mno. Filamu inaishia kwenye chumba cha kulala kilichovunjwavunjwa, Oktoba 1789, miaka minne kabla ya kichwa kukatwa.

Jambo moja ambalo sisi wa nchi ya pamba tunapaswa kuliona: kwenye nusu ya pili malkia anahamia nyumba yake ndogo ya Trianon na kuanza kuvaa magauni meupe mepesi ya pamba. Mwaka 1783 picha yake akiwa na gauni kama hilo, iliyochorwa na Elisabeth Vigée Le Brun, ilizua kelele mpaka ikaondolewa kwenye maonyesho. Watu walisema amechorwa na nguo ya ndani. Wafumaji wa hariri wa Lyon nao walikuwa na hasira yao: malkia akivaa pamba, wanawake wote watataka pamba, na wao wale nini? Alilaumiwa kwa kuvaa ghali, kisha akalaumiwa kwa kuvaa rahisi. Filamu inapita hapo kwa wepesi, kwa nyasi na kuku na mtoto, na usipojua kisa chake utaona mandhari tu.

Filamu ya pili ni Les Adieux à la reine ya Benoît Jacquot, 2012. Ni siku chache tu za Julai 1789, na tunaziona kwa macho ya Sidonie, msichana anayemsomea malkia vitabu, aliyechezwa na Léa Seydoux. Malkia ni Diane Kruger. Kamera inamfuata msichana nyuma ya kisogo kwenye korido za watumishi: mbu, panya aliyekufa, watu wakubwa wakikimbia na kofia za kulalia wakiulizana nani ametajwa kwenye orodha ya vichwa vya kukatwa. Kuna ua la darizi ambalo Sidonie analishona usiku kwa ajili ya malkia, na nisiseme zaidi, ila nilipoona jinsi kazi ile ilivyopokelewa niliwakumbuka wateja fulani.

Gauni kubwa la filamu hiyo ni moja, la kijani, la rafiki kipenzi wa malkia, Duchess wa Polignac. Malkia anamtaka Sidonie avue nguo zake pale pale mbele yake, avae gauni lile, apande gari la farasi kama yeye ndiye duchess, ili wenye hasira njiani wakimtaka Polignac wampate mtumishi. Ni hariri nzuri mno, na aliyevishwa amevishwa kifo cha mtu mwingine. Maswali yangu yote matatu yanajibiwa na gauni moja.

Ukiniambia nichague moja kati ya hizi, nachukua ya Wafaransa. Lakini kama hujawahi kumsikia Marie Antoinette, anza na Coppola, maana Jacquot hakuelezei nani ni nani.

Nyingine, harakaharaka

The Young Victoria, 2009, inatuhusu kwa jina. Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika upande wetu wa Mwanza Agosti 1858, akalitazama ziwa ambalo wavuvi walikuwa na majina yao kwa ajili yake, akalibatiza jina la malkia wake. Filamu ina Emily Blunt na Oscar ya mavazi, na inasimamia jambo moja dogo la kweli: mpaka anakuwa malkia, Victoria hakuruhusiwa kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Mikono mizuri ya gauni, na ndani yake kidole cha mtu mwingine kila wakati. Mengine ni mapenzi. Risasi inayomjeruhi Albert wameiongeza wao. Aliyefyatua mwaka 1840 hakumpata yeyote.

The Favourite, 2018, kuhusu Malkia Anne wa Uingereza (si yule Boleyn), naipendekeza kwa mafundi wenzangu. Mbunifu wa mavazi, Sandy Powell, alibana rangi karibu zote zikawa nyeupe na nyeusi, na watumishi wa jikoni akawashonea nguo za jinzi za mtumba. Ndiyo, kama zile za soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza. Wale sungura 17 wa malkia ni wa kubuni, lakini mimba 17 bila mtoto hata mmoja kufika utu uzima ni kweli. Filamu ya ukatili na vichekesho, si ya watoto.

The Crown, ya Elizabeth wa Pili, nimeiweka huku chini kwa sababu kila mtu ameshaiona au ameshaambiwa aione. Sizoni mbili za mwanzo, zenye Claire Foy, ndizo za kutafuta. Sehemu ya pili inatokea kwa jirani zetu Kenya, Februari 1952, ingawa walipiga Afrika Kusini. Mumewe, Philip, anamsifia chifu mmoja kwa kofia yake nzuri, na Elizabeth anamsahihisha kwamba hiyo ni taji. Mstari mfupi, lakini ukishaona ngoma na viti vya watemi kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Bujora unajua ni kosa la wengi. Siku chache baadaye anaarifiwa baba yake amefariki, na ndani ya ndege inabidi avae nguo nyeusi kabla hajaonekana na mtu. Huo ndio ukubwa wa ile tamthilia. Sizoni za mwisho zinashona upya magauni ya Diana ambayo dunia nzima inayajua, na zinafurahi sana zikipatia.

Kwa wanaotaka wafalme weusi, The Woman King ya 2022 ina mavazi ya kazi: mikanda, mifuko, nguo ambayo mtu anaweza kukimbilia na kupigania. Hilo nimelipenda. Ila mfalme Ghezo wa Dahomey (Benin ya leo) ametolewa kwenye biashara ya watumwa mapema na kwa usafi kuliko alivyotoka mwenyewe. Ningependa siku moja kuona mtu akimtengenezea filamu Kabaka Mwanga wa Buganda wa mwaka 1888, amepinduliwa, amevuka ziwa kwa mtumbwi mpaka Magu, kisha kwa mapadri wa Bukumbi hapa jirani. Kabaka bila ngoma, bila watu wa kumpigia magoti, anaomba pa kulala. Mbunifu wa mavazi angekuwa na kazi ngumu hapo kuliko Versailles.

Unatazamia wapi?

Hili watu hawaliulizi na ndilo linaloamua. Kama unatazama kibanda umiza, au umechukua iliyotafsiriwa na DJ, sauti za waigizaji zinafunikwa. Wolf Hall ikifunikwa sauti imekufa, maana nusu yake ni vijembe vya kunong'ona. Elizabeth ya 1998 inabaki hai, na Marie Antoinette haina maneno mengi ya kupoteza. Za Kituruki za masultani, ukizipata zenye sauti ya Kiswahili, zinavumilia kelele zote hizo kwa sababu zimetengenezwa kurudia kila jambo mara tatu. Kwa simu na bando lako mwenyewe, na maandishi chini, chukua Les Adieux. Ni saa moja na nusu na kidogo, haiwezi kukumaliza.

Na wewe unayetafuta mshono wa send-off tu, hadithi za wazungu hazikuhusu, achana na ushauri wangu wote wa juu. Weka The Golden Age, punguza sauti, piga picha za skrini. Mikono ile inashoneka kwa satini ya kawaida ukiweka bitana ngumu, na mgongo wa kufunga kwa kamba unasaidia usipokuwa na uhakika na kiuno cha siku yenyewe. Kola ya kusimama nyuma ya kichwa nitakushonea ukitaka, lakini hakikisha usafiri umekodiwa, maana kwenye daladala haiingii, na lete kitambaa mapema. Desemba mafundi wote tumejaa.